Orodha ya Makaburini Inayoanza na Mimi

Jumatatu, 3 Machi
Bosi wa ofisi ya makaburi anataka familia zipangwe kwenye kompyuta kwa tarehe ya maziko, ya karibuni juu, ili mchimba kaburi ajue pa kuanzia. Atakayewahi kati yangu na Miwani, mwandishi wa programu mwenzangu, atakuwa mkuu wa kitengo. Miwani! Mtu anayesoma maelekezo! Nimemaliza kabla ya chai. Nikacheka mpaka nikakohoa.

Jumanne, 4 Machi
Aibu! Orodha haikusogea. Kumbe nilipanga marehemu ndani ya kila familia, familia zenyewe zikabaki palepale. Miwani akaniambia kwa upole kwamba hata yeye aliwahi kunaswa hapo. Upole wake unaniudhi kuliko tusi. Nikaunganisha jedwali la familia na la marehemu. Familia yenye marehemu saba ikatokea mara saba. Mchimba kaburi akauliza kama achimbe yote saba. Kikohozi kimezidi. Dada anasema niende kwa daktari. Ili Miwani aniwahi? Thubutu!

Jumatano, 5 Machi
Imekubali! Kila familia mara moja tu, kwa maziko yake ya mwisho. Ya juu kabisa ni yetu. Ajabu, hatujazika tangu babu. Nikafungua. Marehemu: mimi. Jina langu, mpaka herufi ya mwisho. Maziko: Ijumaa hii.

Nikamvaa Miwani. Akaapa kwa mama yake hajagusa kitu. Nikafuta. Nikafungua tena. Nimo. Nikafuta mara tisa. Nimo!

Alhamisi, 6 Machi
Dawa nimeipata! Nimegeuza mpangilio, wa zamani juu. Sasa mimi ni wa 412, mwisho kabisa. Nikapumua, kwa shida.

Adhuhuri mchimba kaburi akaja na futikamba. Akasema orodha imepinduka, lakini yeye si mgeni wa kazi, sasa anaanzia chini. Shimo tayari. Akaniuliza, kwa heshima zote, kama nikilala huwa nanyoosha miguu. Miwani akanisihi, nusura alie, anipeleke hospitali mwenyewe. Ujanja huo naujua! Nimwachie kiti?

Ijumaa, 7 Machi
Kifua kimebana. Dada analia mlangoni. Miwani ameshawasha gari. Dirishani mchimba kaburi ameegemea sepetu, hana haraka. Nimewaambia wote wasubiri, suluhisho ninalo: napanga kwa alfabeti. Jina la familia yetu linaanza na Z. Nitakuwa chini kabisa, hakuna wa kunifikia. Dakika mbili tu.