Yah: Kung'olewa kwa Maua ya Kudumu ya Bi. Ildefonsa

Ntobeye, Ngara
9 Juni 1998

Ndugu Gozbert, Mkuu wa Kambi,

Marahaba. Najua umeniamkia kabla ya kufungua bahasha, maana nilikufundisha darasa la tano na adabu ulikuwa nayo. Kilichokushinda ni sarufi. Uniwie radhi kwa kimya cha miezi saba. Nilikuwa na hasira kwa matangazo yako yaliyotangulia, na mtu mwenye hasira huruka alama za kituo.

Penye bomba la maji umebandika tangazo: "Maua ya kudumu hairuhusiwi kambini. Yang'olewe kabla ya Jumamosi." Mgambo wako, Celestini, anaeleza kwamba mkimbizi ni mtu wa muda, hivyo hapaswi kumiliki kitu cha kudumu. Alianza na Bi. Ildefonsa, mjane wa Kirundi ambaye turubai lake lina maua mengi kuliko ofisi yako. Akamwambia, "Mama, ua la kudumu la nini? Unangoja wajukuu waje walirithi?" Naye akamjibu, "Nangoja mvua, mwanangu. Wewe unangoja nini hapo juani?"

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kisarufi, maua hayaruhusiwi. Miti ndiyo hairuhusiwi. Kwa upatanisho ulioutumia, Celestini ang'oe miti, ukiwemo ule ambao gari lako hulala chini yake. Maua hayahusiki.

2. Celestini hajui kulitambua ua la kudumu. Ua hilo hutambuliwa mizizini: likinyauka juu, chini bado li hai. Yeye hutazama juu tu. Wiki iliyopita aling'oa zinia, ambalo hufa lenyewe likishatoa mbegu, akaliacha ua la kana, lenye shina nene chini ya udongo, kwa sababu majani yake yanafanana na ya mgomba. Alidhani ni chakula.

3. Upande wa jua Bi. Ildefonsa amepanda kana. Upande wa kivuli, begonia na yungiyungi jekundu. Kila ua alilichagulia mahali pake. Ukiyabadilisha, begonia litaungua na kana litagoma kuchanua. Nimekaa kwenye kivuli hicho mara nyingi, kwa ajili ya uchunguzi, nami nathibitisha kuwa ni kivuli kizuri sana.

4. Yungiyungi hilo, kila kiangazi, hunyauka na kurejea ardhini kwa hiari yake, bila lori, bila fomu. Mvua za vuli zikianza, huibuka palepale. Wakubwa wako wanawahubiria wakimbizi kurejea kwa hiari kila siku. Huu hapa mfano wao. Naomba lipewe kadi ya mgawo. Kwa kuwa halili mahindi, mgawo wake apewe anayelimwagilia.

5. Ikiwa kosa ni kudumu, basi turubai la muda la Bi. Ildefonsa sasa lina mwaka wa tano. Ling'olewe kwanza hilo, naye apewe nyumba ya muda ya matofali.

Kwa hiyo maua yale ni ya muda, mwenyewe ni wa muda, nami sina masilahi yoyote katika jambo hili. Naomba yaachwe mpaka atakapoondoka kwenda kwao.

Msalimie mama watoto, karani wako na wote wapangao foleni bombani. Celestini naye msalimie, ila polepole, asije akang'oa barua.

Wako katika upatanisho sahihi,
Mwalimu Anastazi Nyandwi (mstaafu)

N.B. Maneno "sina masilahi yoyote" yafute. Nyumbani kwangu nimejenga matuta mawili ya maua kwa mawe na saruji, moja juani na moja kivulini, kisha nikamwandikia Bi. Ildefonsa kumwomba aje apande maua yake humo, asiondoke tena. Ameirudisha barua yangu ikiwa na kosa moja lililopigiwa mstari, na kusema nimpe siku chache afikiri. Akishaamua, nitakuandikia.