Watoto wa Jalada la Malalamiko

Napenda kuutangazia umma wa Lushoto na vitongoji vyake kuwa Idara ya Viumbe Vidogo, ambayo mimi, Sefania, ni kaimu mkuu wake kwa mwaka wa tisa, imepata watoto mia mbili na kumi na nne. Mama na watoto wanaendelea vizuri. Mama ni buibui. Alitaga ndani ya jalada la Malalamiko ya Wananchi, ambalo halijaguswa na mkono wa mtu kwa muda mrefu na kwa hiyo ni mahali tulivu pa kujifungulia.

Mayai yalianguliwa Jumatatu. Siku hiyohiyo ikaja simu kutoka mkoani: Ijumaa atafika Mheshimiwa Idrisa kukagua miradi. Sisi hatukuwa na mradi hata mmoja. Nikafungua jalada, nikaona vitu vidogo kama punje za chumvi vinatembea, nikajua mradi umepatikana na neno "kaimu" linakaribia kunitoka.

Tukaketi kikao. Katibu wangu, Paskalina, akaandika azimio: watoto wote wawekwe katika beseni moja, lifunikwe kwa kipande cha chandarua, kwa ajili ya kudumisha mshikamano. Lilipita bila kupingwa. Tukanywa chai.

Tatizo likawa chakula. Nikashuka getini kwa Mama Rehema, anayeuza mapeasi kutoka Gare. Ana umri wa kunizaa, na mtu wa umri wangu akimpita bila kumwamkia hapa kwetu huonekana hakulelewa. Lakini nilikuwa na suti, tena nilikuwa kazini.

"Wewe mama, watoto wa buibui wanakula nini?"

Alinitazama kuanzia viatu hadi tai. "Vijidudu."

"Vijidudu gani?"

"Vidogo."

"Kuna ushauri mwingine wowote?"

"Umeuliza wanakula nini, nimekujibu."

Nikaridhika. Wananchi wetu ni watu wa maneno machache. Nikaomba peasi lililooza, lililojaa vijidudu, nikalitia ndani ya beseni.

Jumanne nilihesabu mia na sitini. Jumatano, sabini na wawili. Paskalina akawaandika waliopungua kuwa ni watoro. Alhamisi walibaki kumi na tisa, wote wanene, tukampa mlinzi wetu, Alen, barua ya kujieleza. Alijibu kwa maandishi: "Mimi nalinda geti. Hakuna buibui aliyetoka bila kusaini."

Msinicheke, niliwapenda wale watoto. Nilichelewa kwenda kula nikiwatazama wakisuka vijiuzi vyao, na kila aliyebaki nilimpa cheo. Wawili nilikuwa nimeshawathibitisha kazini.

Ijumaa gari la mgeni likasimama getini. Sisi tulikuwa tumepanga mstari barazani na maua mkononi. Mheshimiwa akashuka, akavua kofia, akainama mbele ya meza ya mapeasi. Hata kwa mbali, mgongo wa mtu anayesema shikamoo unajulikana. Mama Rehema akaitikia, wakaanza kuongea. Wakaongea dakika ishirini. Maua yakanyauka.

Alipoingia alikuwa anatafuna peasi. Nikamsomea taarifa: watoto ni mia mbili na kumi na nne, kwa kuwa takwimu ya Jumatatu ndiyo pekee iliyoidhinishwa, afya zao ni njema, na umoja wao ni wa kuigwa.

"Niwaone," akasema.

Nikafunua chandarua. Alikuwepo mmoja, tumbo tele, amekaa juu ya ganda la peasi.

"Wengine?"

Paskalina, ambaye ni mkweli kwa bahati mbaya, akasema taratibu, "Wamo, Mheshimiwa. Wamo ndani yake."

Mheshimiwa akafuta mikono. "Yule mama anasema utotoni kwao waliwafuga kwenye viberiti. Kila mmoja na kiberiti chake, maana wakikaa pamoja wanakulana. Nikamuuliza kwa nini hakukuambia."

"Akasemaje, Mheshimiwa?"

"Anasema hajakuona wiki hii. Kuna suti ilikuja ikamuuliza swali."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Azimio la pili la wiki liliandikwa palepale, bila kikao wala chai: buibui mama, ambaye ametaga tena, akabidhiwe Mama Rehema pamoja na jalada lake, na Idara imsaidie kwa kila atakachoagiza. Neno "kaimu" limenitoka kweli, na neno "mkuu" likaondoka nalo.

Jumatatu nikashuka getini nikiwa na mfuko wa viberiti vitupu, bila tai. Mama Rehema alikuwa anapanga mapeasi, kanipa mgongo.

"Shikamoo, mama."

Akapanga safu nzima ya kwanza, kisha ya pili.

"Nani huyo?"

Kwa miaka tisa swali hilo nimelijibu kwa cheo, idara na wilaya.

"Ni Sefania, mama."

"Marahaba, mwanangu. Chuchumaa hapo, nikufundishe kazi."