Sarafu ya Mzee Abdulhafidh

Jumamosi, 11 Oktoba 2025
Abiria kakosa ndege DFW, uwanja wa Dallas. Nimemwendesha kwa teksi yangu hadi Houston, saa nne nzima. Kumbe ni muuza sarafu za kale! Kanionyesha ya fedha, ya Agathokles, mfalme wa Kigiriki kule Baktria, Afghanistan ya leo. Mbele sura ya Aleksanda Mkuu, nyuma jina lake mwenyewe: Zama za Agathokles, Mwadilifu. Alifua sarafu za wafalme kadhaa waliomtangulia. Nikauliza kwa nini. Akasema huenda watu walikuwa wakimuuliza, wewe nani? Akaongeza kwamba hakutawala sana. Hilo si muhimu.

Jumapili, 12 Oktoba
Wiki ijayo jumuiya yetu ya Waswahili hapa Irving, Texas, inachagua mwenyekiti. Kiti ki wazi tangu afariki Mzee Abdulhafidh. Mpinzani wangu Celestine, muuguzi, anasifiwa kwa kuwatembelea wagonjwa. Mimi nasifiwa kwa... bado nafikiri.
Nitafua sarafu! Mbele Mzee, nyuma jina langu: Zama za Mselem, Mwadilifu.

Alhamisi, 16 Oktoba
Fundi medali wa Garland kataka picha ya Mzee. Sina! Miaka kumi na moja katika jumuiya! Nimepata moja ya Idi. Mimi nimejaa katikati. Mzee yuko pembeni, sikio na nusu uso, kabeba viti. Fundi kasema nusu yatosha, wafalme huchorwa kwa ubavu, upande mmoja wa uso.

Jumamosi, 18 Oktoba
Sarafu ya kwanza nimempelekea Bi Hamdiya, mjane wake. Nilitarajia baraka. Akavaa miwani, akalipapasa lile sikio kwa kidole. Akauliza Mzee alikuwa akifanya nini siku hiyo. Nikasema alibeba viti.
"Na wewe, mwanangu, ulikuwa umebeba nini?"
Nimekaa garini nje ya nyumba yake bila kuwasha injini. Kila Ijumaa Mzee aliniuliza hali ya mama yangu, kwa jina lake. Alipolazwa hospitalini, sikwenda hata mara moja.

Jumapili, 19 Oktoba
Nimezigawa mkutanoni hata hivyo. Arobaini! Watu wakazigeuza mikononi, wakaanza kusimulia. Huyu, Mzee alimpokea uwanja wa ndege na koti la baridi. Yule, Mzee alimfundisha kuendesha gari. Hata mimi nilifuta machozi. Kisha mmoja akakumbusha nani aliketi kando ya kitanda cha Mzee kila baada ya zamu, hadi mwisho. Wote wakamgeukia Celestine.
Kura: yeye thelathini na tisa. Mimi mbili. Celestine kaninong'oneza kwamba moja ni yake. Kasema nimefanya jambo jema. Sikulala vizuri.

Jumanne, 21 Oktoba
Nimetafakari siku mbili. Kosa nimeliona. Herufi za jina langu zilikuwa ndogo mno!
Missouri City, karibu na Houston, kuna jumuiya nyingine. Mwenyekiti wao, Papa Vital, bado yu hai, lakini nasikia anakohoa. Nimeshaomba picha. Ya ubavu.