Hotuba ya Kuzindua Kituo cha Kuoanisha Mikono ya Pedali na Ekseli Zake

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hakuweza kufika akaniomba nimwakilishe, kwa hiyo hapa najisalimia mwenyewe. Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati Tendaji, wa Kamati Ndogo ya Kamati Tendaji, na wa Kikosi Kazi kilichoundwa ili kamati hizo mbili zielewane. Ndugu zangu wa Idara ya Mikono mliokaa kulia. Ndugu zangu wa Idara ya Ekseli mliokaa kushoto, na naona bado hamsalimiani. Ndugu wakunga mliokaa juani. Mke wangu mpenzi pale safu ya mbele. Wanahabari, kama mmefika. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na yeyote niliyemsahau ajihesabu kuwa ametajwa. (Makofi kutoka meza kuu.)

Nasimama mbele yenu nikiwa na unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao wataalamu wa nje walioutathmini wamesema hawajawahi kuuona mahali pengine, ili kuzungumzia jambo ambalo watu wa kawaida wanaliona dogo kwa sababu hawana visheni. Jambo hilo ni mkono na ekseli. Mkono, kwa wale ambao hawakuhudhuria semina, ni kile chuma ambacho pedali hukaa mwishoni mwake. Ekseli ni kile chuma kingine kinachopita katikati ya fremu, pale chini, na ndicho kinachoushika huo mkono. Mkono una tundu, ekseli ina ncha. Ncha ikiingia vizuri kwenye tundu, baiskeli inakwenda. Isipoingia vizuri, tunapata kile ambacho sisi kwenye menejimenti tunakiita chalenji. (Mtu mmoja nyuma: “Tunaanguka!”) Naam, au kuanguka, kwa lugha isiyo ya kitaalamu.

Mtakumbuka kwamba ofisi yangu, kwa juhudi zangu, iliwapatia wakunga wote baiskeli mpya ili wawafikie akina mama majumbani kwao. Mtakumbuka pia kwamba Idara ya Ekseli, katika kutekeleza majukumu yake kwa weledi uliotukuka, iliagiza ekseli zenye ncha ya mraba, wakati Idara ya Mikono, kwa weledi uleule na bila kuingilia mambo ya wenzao, iliagiza mikono yenye tundu la mviringo lililochongwa meno kwa ndani. (Minong'ono.) Kuna watu wasio na shukrani wanaosema hilo ni kosa. Ndugu zangu, hilo si kosa. Ekseli zimekuja, mikono imekuja, kila idara imevuka lengo kwa asilimia mia moja na kumi na mbili. Kilichobaki ni uoanishaji tu! (Makofi upande wa kulia. Baadaye, makofi upande wa kushoto.)

Na hapo ndipo nilipobuni, mimi mwenyewe, nikiwa naoga, wazo la Kituo hiki. Tulianza na fizibiliti stadi, tukafanya wokishopu ya stekiholda, tukatoka na fremuweki, tukasafiri kwenda nchi fulani ya baridi kuona watu wanavyoendesha baiskeli, tukarudi na mafua na uzoefu. Leo naweza kusema kifua mbele kwamba hakuna ofisi yoyote katika ukanda huu iliyojadili tundu la mkono wa pedali kwa kina kama sisi. (Kicheko. Msemaji anadhani ni cha furaha, anainua mkono.) Asanteni, asanteni.

(Mkunga mmoja mnene, kitenge kiunoni, anasimama bila kuruhusiwa: “Bosi, samahani. Mikono yenu tuliipigilia kwa nyundo na vipande vya mpira ili ishike. Wangu ulitoka njiani Jumanne. Leo mnatupa ekseli, au mnatupa maneno?”)

Mama, nakushukuru kwa swali zuri, nawe ukae. Mwacheni, askari, mwacheni, huyu ni stekiholda wetu. Kwa kweli umenirahisishia kazi, maana ukurasa unaofuata nilikuwa nikutaje wewe kama mfano hai, yaani saksesi stori. Ndugu zangu, sikilizeni. Jumanne asubuhi, mkunga huyu shupavu aliitwa kwa mama mmoja kijana, mzazi wa mara ya kwanza, aliyeshikwa na uchungu. Akapanda baiskeli aliyopewa na ofisi yangu. Kwenye mteremko wa tanuri la matofali mkono wa kushoto ukachomoka, yeye akaenda chini. Je, alikata tamaa? Hakukata! Aliokota jiwe, akaugongomea, akapanda tena. Ukachomoka tena. Basi akaitupa baiskeli kwenye majani, akakimbia kwa miguu, magoti yanavuja damu, mkoba kichwani. Huo, ndugu zangu, ndio uzalendo tunaoutaka!

(Mkunga: “Sema nilichokikuta.”)

Nakuja huko, mama. Alipofika, alikuta mtoto ameshazaliwa, salama, analia kwa afya, akiwa amepokewa na jirani ambaye ni fundi cherehani na hajawahi kusomea ukunga hata siku moja. Hiyo ni nini kama si ushirikishwaji wa jamii? Yule mama kijana alikuwa anatokwa na damu, ni kweli, hilo lipo kwenye taarifa, na akina baba wa mtaani wakang'oa mlango wa choo wakambeba juu yake hadi hospitali, jambo linaloonyesha ubunifu wa hali ya juu katika sekta ya usafirishaji wa wagon—

(Mwanamke wa safu ya mbele anasimama. Ni mke wa msemaji. “Baba watoto, mama kijana nani? Mtaje basi.”)

Mke wangu, tuko kwenye hotuba.

(“Mtaje.”)

Ni… ndugu zangu, kwa ajili ya uwazi na uwajibikaji, nitamke kwamba mama kijana tajwa hapo juu ni binti yetu wa kwanza. (Watu: “Ooh!” Baadhi wanashika vichwa.) Yuko wodini. Ameongezewa damu. Anaendelea, anaendelea vizuri, nimeambiwa.

(Mke: “Umeambiwa! Jumanne nilikupigia tangu asubuhi hadi mchana, simu yako imefungwa. Binti yako anauliza, baba yuko wapi, mwambie baba alete gari. Ulikuwa wapi?”)

Nilikuwa kwenye wokishopu, mke wangu. Ya uoanishaji. Simu tulizikusanya kwenye beseni mlangoni ili tusisumbuane. Sikujua. Yaani mimi… ningejua… (Anafungua karatasi, anazifunga. Anakunywa maji.) Nilikuwa ukurasa wa ngapi?

(Mke: “Mjukuu wako hujamwona bado. Mimi naenda huko. Ukimaliza kusoma, njoo.” Anashika mkoba wake, anamshika mkunga mkono, wanaondoka pamoja.)

Ukurasa wa… naam. Nimshukuru mwenza wangu kwa mchango wake. Kama mlivyojionea, ni suala linalogusa hisia. Ndiyo maana nasema, na hapa naomba wanahabari mwandike, ifikapo robo ya pili ya fezi ya kwanza ya awamu ya utangulizi, kila mkono utapata ekseli yake, kila ekseli itapata mkono wake, na wale wasiooana watapewa ushauri nasaha! (Makofi mawili.) Nikisema “Mkono!” mseme “Ndani ya ekseli!” Mkono! Mkono! (Naibu wake, peke yake: “Ndani ya ekseli!”) Pedali! (Naibu: “Kwa maendeleo!”) Uoanishaji! (Naibu ameishiwa sauti.)

Kwa hayo machache, nachukua fursa hii adhimu kutamka kwamba Kituo chetu kimezinduliwa rasmi. (Wakunga wanaanza kuinuka kuelekea mlango wa Kituo.) Taratibu, taratibu, ndugu zangu, msisukume, maana bado sijatoa shukrani. Namshukuru kwa dhati mwenye ghala hili, aliyekubali tulibandike bango letu ukutani hadi saa tisa. Nawashukuru maharusi wa jana kwa utepe, na tunawarudishia. Namshukuru mchoraji, ambaye kwenye bango hilo amechora Kituo vizuri kiasi kwamba kamati iliona hakuna haja ya kukijenga. Na ninyi wakunga, asanteni sana kwa kuja, tena kwa miguu, mkiwa na baiskeli zenu mabegani. Mlango huo tafadhali msiuguse: ufunguo hatukupewa, na ndani ni magodoro ya watu.