Viwanja Viko Wazi

Jumatatu, 6 Septemba 1993

Ravindra ameshusha vitasa vipya. Vya Dubai! Vinang'aa mpaka vinakera. Duka lake linatazamana na langu hapa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, kwa hiyo kila mteja nikimtolea kitasa anageuza shingo. Leo mmoja ameniambia vyangu ni vya enzi za foleni na mgawo wa duka la kaya. Pumbavu! Nimemfukuza. Halafu nikakumbuka hajaingia mwingine tangu asubuhi.

Jioni, redio. Viwanja vya serikali kule Dodoma sasa viko wazi kwa wananchi wote. Nimeruka! Wanagawa viwanja makao makuu, tena mlangoni kwa serikali! Maofisi yale yote yatataka vitasa. Nikipata kiwanja cha mbele kabisa, Ravindra atakoma. Mke wangu Mektilda kauliza kama nimesikiliza tangazo mpaka mwisho. Ningewezaje? Nilizima redio ili Ravindra asisikie.

Jumanne, 7 Septemba

Nimekwenda kwa Bibi Kijakazi, mwenye nyumba. Nikampa shikamoo ya nguvu, nikamwambia fremu yake ya duka naiacha, nahamia Dodoma. Kauliza kama nina homa. Nikaapa sina. Akasema haya mwanangu, wanaoitaka wapo tele. Hapo nikasita kidogo, maana fremu ile ndiyo inayotulisha na kusomesha watoto. Lakini nimeshasema. Mektilda nitamwambia nikisharudi na kiwanja.

Alhamisi, 9 Septemba. Dodoma

Nimefika na gunia la vitasa mgongoni. Vumbi! Upepo! Wamejenga kitu kikubwa cha zege tupu. Nguzo nyeupe ndefu zimebeba paa lisilofunika chochote. Ngazi pana zinakupandisha kwenye ngazi nyingine. Kivuli hakuna. Mlango hata wa dawa hakuna, unapita tu katikati ya nguzo!

Mlinzi anaitwa Mbaruku. Kauliza kama nimekuja kutembea. Nikamwambia nimefuata kiwanja. Akanionyesha zege lote kwa mkono: karibu, viko wazi mpaka jioni. Nikauliza changu ni kipi. Akasema vyote, ni vya wananchi. Nikamwambia aache utani, mimi nataka cha kujenga duka. Akanitazama kwa huruma. Huruma! Mlinzi!

Kumbe si kiwanja. Ni uwanja! Wa kupumzika na kupiga picha! Kiwanja kimoja, viwanja viwili. Uwanja mmoja, viwanja viwili. Lugha gani hii? Nani aliikagua? Nimepiga kelele mpaka mwangwi ukanirudia na wapiga picha wakaacha kazi.

Nikadai kumwona afisa. Ofisi ziko nyuma. Afisa wa kwanza yuko Dar kikazi. Wa pili naye yuko Dar. Nikauliza Dar wanakaa wapi. Jengo moja hapo Mnazi Mmoja, wakasema. Mnazi Mmoja! Natembea kwa miguu kutoka dukani! Na ofisini, ndiyo, milango ipo. Vitasa vinang'aa. Vya Dubai. Mbaruku anasema vimeletwa na bwana mmoja mpole wa Kariakoo, kapiga simu tu. Nimeketi juu ya gunia langu nikamtukana Ravindra kimoyomoyo hadi basi likaja.

Jumamosi, 11 Septemba

Nimerudi. Kibao cha duka langu hakipo! Kumbe Ravindra alishaiomba fremu aifanye stoo. Mektilda alipopata habari akaenda kumlilia Bibi Kijakazi, akapiga magoti kabisa. Bibi kamhurumia, ila kwa sharti: fremu iwe ya Mektilda, funguo akae nazo Mektilda, mimi nisitie neno.

Yaani leo mimi Onesphory ni muuzaji wa mke wangu! Ananiambia niwahi saa mbili! Na shubiri zaidi: Ravindra kampa vitasa vya Dubai kwa mali kauli, alipe akishauza, naye kakubali, anasema watoto watakula. Ravindra kavuka barabara kunipa pole. Nimemuuliza pole ya nini, nani amefiwa? Nimekataa kula. Baadaye nimekula, lakini kwa hasira.

Jumapili, 12 Septemba

Mkutano wa hadhara Mnazi Mmoja. Mheshimiwa mmoja katangaza kwamba serikali sasa imefungua milango yote ya biashara. Milango yote! Nchi nzima! Watu wanapiga makofi tu, hakuna hata mmoja aliyejiuliza jioni itafungwa na nini.

Nimekwenda mbio kwa Ravindra. Nimechukua shehena yake yote ya vitasa. Alitaka dhamana, na Mektilda alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, funguo za duka ameziacha juu ya meza. Ravindra amezipokea kwa mikono miwili, akacheka mpaka akatoka machozi. Acheke! Hajui kitu yule.