Hoteli ya Kenya Tupu

Jumatatu, 3 Machi. Asubuhi mawingu, hakuna upepo. Jiko limeshika kwa njiti ya tatu ya kiberiti.

Caren wa hoteli ya ng'ambo ya barabara ameandika kwenye ubao wake: "Matoke ya Uganda, moto moto." Madereva wa malori ya Busia sasa wanasimama kwake. Leo, kwake kumi na wanne. Kwangu wawili, mmoja akiulizia choo.

Habari kubwa: Mama Afnan, mwenyekiti wa chama cha akina mama wafanyabiashara, ataleta wageni arobaini hapa Kisian siku ya Ijumaa. Ataonja hoteli zote mbili. Atakayempendeza atapikia mikutano yao yote hadi Desemba. Lazima niwe mimi. Paa la jikoni linavuja na masika yanabisha hodi.

Nina mpango. Uzalendo!

Jumanne, 4 Machi. Jua kali.

Nimepaka rangi ubao mpya: HOTELI YA KENYA TUPU. HAKUNA KITU CHA NJE. Herufi zimenyooka.

Wabwire, anayeniletea mayai ya Uganda kutoka Busia kila Jumanne, alifika na trei kumi. Nikamrudisha. Aliuliza kama ninaumwa. Nikamweleza kwamba hii ni sera. Akasema, "Mama Seline, sera haikaangwi," akavuka barabara. Caren alichukua trei zote.

Jumatano, 5 Machi. Joto.

Nimekagua stoo, kalamu mkononi. Maharagwe: Uganda. Karanga: Uganda. Nanasi: hata sikuuliza. Nilimwendea mwenye mashine ya kusaga kuhusu unga. Alicheka, akasema mahindi ya mwezi huu yalivuka mpaka kabla hajaamka. Unga nao nje.

Imebaki sukuma wiki, chumvi na majani chai. Sina wasiwasi. Samaki wapo. Ziwa ni letu.

Alhamisi, 6 Machi. Ukungu juu ya ziwa.

Nilikwenda bichi, ufuoni mwa ziwa, kwa Obonyo, ambaye nimenunua samaki kwake miaka sita. Alikuwa na ngege ishirini, wanono. Nikamwomba aniandikie kwamba ni wa Kenya. Akakiri amewanunua kwa wavuvi wa Uganda, kisiwani, lakini huenda walizaliwa huku wakaenda kutembea tu. Samaki hana kitambulisho, akasema. Mwenzake akashauri niwasalimie kwa Kiganda nione kama wataitika. Wakacheka wote.

Nikawakataa wote ishirini. Msimamo ni msimamo.

Ijumaa, 7 Machi. Manyunyu.

Wageni wamefika. Nusu yao wametoka Uganda! Bango lao: "Biashara ya Mpakani Inalisha Nyumba Zetu." Hakuna aliyeniambia. (Sikuuliza.)

Mama mmoja wa Tororo alisoma ubao wangu kwa sauti, polepole, mara mbili. Akauliza kwa adabu kama yeye pia ni kitu cha nje. Nikamwambia anaweza kukaa. Mama Afnan alionja sukuma wiki, akauliza inaliwa na nini. Nikasema: na uzalendo.

Walivuka barabara kwa mstari mmoja, wakitazama kulia na kushoto. Caren aliwapa matoke, mayai, maharagwe na ngege ishirini. Wale ngege niliwatambua.

Alasiri Caren alikuja kuomba chumvi. Yake imekwisha. Kazi ya hadi Desemba amepata yeye, alisema, na yule mama wa Tororo kumbe hununua chumvi na sabuni zetu akauze kwao. Ndivyo alivyosomesha watoto wanne. Caren aliniachia sahani ya matoke. Nimeila yote, kwa ajili ya uchunguzi.

Jumamosi, 8 Machi. Mvua tangu alfajiri. Paa linavuja mahali papya.

Nimetafakari kwa utulivu. Wazo lilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa nchi.

Nimepaka ubao upya: HOTELI YA UGANDA TUPU. Wabwire ataleta kila kitu. Sukuma wiki, majani chai na chumvi, kwa kuwa ni vya Kenya, nimempa Caren vyote. Alishukuru sana. Yeye hana sera.

Nalala saa tatu na robo, ndoo katikati ya jikoni.