Kikohozi cha Mtoa Uboho

Jumatatu, 3 Machi
Simu kutoka hospitali. Uboho wangu umelingana na wa mgonjwa! Uboho, yaani ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Miaka miwili iliyopita walikuja kiwandani, wakatusugua ndani ya shavu kwa pamba, wakaandika majina, wakagawa fulana. Mimi nilifuata fulana. Nilisikia kati ya maelfu huitwa mmoja. Nimekuwa huyo mmoja.

Ningekataa, lakini Mzee Vyeti, mfungashaji wetu, alikuwa katega sikio. Huyu bwana katoa damu mara kumi na moja na vyeti vyote kavibandika juu ya meza yake. Nikajibu kwa sauti ya kufika kwake: niko tayari, daktari! Aliyepiga alikuwa nesi.

Dada yangu kacheka mpaka kakaa chini. Eti mimi, niliyezimia kwa sindano ya ganzi ya jino.

Jumatano, 5 Machi
Vipimo. Nesi kanieleza: nitalazwa usingizi, watavuta uboho kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga. Tarehe 18. Mgonjwa ni mwanamke, miaka thelathini na sita. Zaidi ya hapo siambiwi, wala yeye hataambiwa habari zangu. Hata jina? Hata jina. Hata picha ya pamoja? Nesi akageuza ukurasa.

Kisha akanitisha. Tarehe 11 mgonjwa ataanza dawa za kuua uboho wake wote. Nikighairi baada ya hapo, atabaki hana kitu. Kama nina wasiwasi niseme sasa. Mimi? Wasiwasi?

Ijumaa, 7 Machi
Meneja katangaza: tarehe 27 tunachagua msimamizi wa zamu, kwa kunyoosha mikono. Wagombea wawili, mimi na Mzee Vyeti.

Nikawaza. Nikitoa tarehe 18, siku ya kura nitakuwa nimepona, natembea kama mtu yeyote. Nikitoa tarehe 25, nitaingia nachechemea. Nani atamnyima kura mtu anayechechemea kwa ajili ya mgonjwa?

Nikampigia nesi. Mafua, nikasema, na kifua. Nikakohoa. Kikohozi kizuri, cha kutoka tumboni. Akasema basi, dawa za mgonjwa zitangoja, tusogeze wiki moja, na ahsante kwa kusema ukweli, kaka.

Hiyo ahsante sikuipenda.

Jumanne, 18 Machi
Mazoezi ya kuchechemea, kutoka mashine ya kushonea magodoro mpaka stoo. Mama wa kantini kaniongezea vipande viwili vya nyama. Mzee Vyeti kanipa pole kabla ya wakati. Anajifanya mwema, yule.

Alhamisi, 20 Machi
Nesi kapiga. Mgonjwa kapata homa tangu Jumatatu, imeingia mapafuni. Hawawezi kumwanzishia dawa. Hawajui kama wataweza tena. Nikauliza, wiki iliyopita je? Wiki iliyopita alikuwa na nguvu, kasema. Kisha akaanza kunifariji! Nisijilaumu, ugonjwa haupangwi.

Wangu niliupanga.

Nimeshona magodoro manne ndani nje.

Jumatatu, 24 Machi
Nimekwenda mwenyewe kwa nesi. Nikaungama yote: kura, kuchechemea, kikohozi. Nilitaka anifokee nipumue. Hakufoka. Akafunika kalamu yake, akauliza kama ulikuwa uongo mtupu. Mtupu, dada. Akasema mgonjwa akipata nafuu atanipigia, je, nitakuja? Nikaapa kuja hata kwa magoti. Akasema njoo kwa miguu tu, ila uje siku utakayoambiwa.

Alhamisi, 27 Machi
Nimejitoa. Mzee Vyeti kapita. Hata mimi nilimnyooshea mkono. Nilingoja kwanza wote wanitazame.

Jumanne, 15 Aprili
Nesi alipiga, mgonjwa kapata nafuu; nimetoa jana. Naandika nikiwa nimelalia tumbo. Nyonga kama nimepigwa teke na punda. Punda wawili. Nilipozinduka niliuona mfuko wenyewe ukipelekwa: mwekundu, mzito, si mkubwa hata kidogo. Nikalia. Dawa ya usingizi, bila shaka.

Mzee Vyeti kaja na machungwa, kaniita shujaa mbele ya wodi nzima. Sijawahi kutukanwa hivyo.

Nikamuuliza nesi, atapona? Hajui. Kaingia kwenye matibabu akiwa dhaifu kuliko walivyotaka. Habari zikiwepo nitapewa baada ya mwaka, kama watoaji wote. Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo linalouma.

Ijumaa, 18 Aprili
Mwaka mzima! Nimepiga wodini kwa sauti nzito, nikajitambulisha kuwa kaka wa mgonjwa aliyepandikizwa uboho, nataka kujua anaendeleaje. Aliyepokea akaniuliza jina la dada yangu.

Nikakata.

Kesho naingia kama fundi bomba. Fundi bomba haulizwi jina la mgonjwa. Spana nimeshaazima kwa Mzee Vyeti. Nimemwambia sinki la nyumbani linavuja.